Daftari la kisiwa: hotuba kwa wahitimu wa uhasibu na biashara, Chake Chake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, masheha mliofika, wazazi wenzangu, na nyinyi wahitimu mliokaa mbele na majoho ambayo kwa joto la leo nawaonea huruma: Assalaam alaykum.

Mimi ni mhasibu mstaafu. Watu wa kazi yangu hawaalikwi sana kuhutubia. Huitwa pesa zikishapotea. Mkuu wenu aliponipigia simu nikamuuliza, "Kimepotea nini?" Akacheka, akasema hakijapotea kitu, ni mahafali tu. Nimelifikiri jibu lake tangu siku hiyo na sijaridhika nalo, kwa hiyo leo nitamjibu mbele yenu.

Tunaambiwa uchumi wa Zanzibar unakua kwa kiasi cha asilimia 7 kwa mwaka. Sina ugomvi na nambari hiyo, na waliokaa kuitayarisha nawaheshimu. Nyinyi mmesoma: kitu kinachokua kwa asilimia 7 kinakuwa maradufu baada ya miaka kumi hivi. Sasa iwekeni pembeni yake nambari nyengine. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 1,303,569. Ya 2022 ikatukuta 1,889,773, na kati yetu 543,441 tuko hapa Pemba. Hilo ni ongezeko la asilimia 3.7 kwa mwaka. Tukienda hivyo hivyo, mtoto aliyezaliwa mwaka wa sensa atatimiza miaka ishirini akiwa na wenzake karibu mara mbili ya sisi tuliohesabiwa naye. Na wote hao watasimama juu ya ardhi ile ile. Kwa kweli itakuwa imepungua kidogo, maana kwenye mabonde ya mpunga yaliyopakana na mikoko, bamvua kubwa likija maji chumvi yanaingia mashambani, na chumvi ikishakaa udongoni haitoki kwa mvua ya msimu mmoja.

Kuna watu husikia maneno haya wakasema basi tuache kukua. Mimi si mmoja wao. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku kule Micheweni anataka barabara, gari, daktari wa zamu na umeme usiokatika, na vyote hivyo hulipiwa na uchumi. Anayewahubiria masikini kutosheka mara nyingi ameshakula. Ninalosema ni dogo zaidi, na ni la kihasibu: hatujui tunakua kwa kiasi gani, kwa sababu daftari letu limejazwa upande mmoja.

Chukueni lori la mchanga. Mwenye lori akilinunua, nyinyi mtamwandikia kwenye mali zake, na kila mwaka mtakata uchakavu wake mpaka thamani iishe. Hamuwezi kumwachia atangaze faida bila ya kuukata. Mkaguzi atawarudishia hesabu. Lakini mchanga uliobebwa na lori hilo haukatwi uchakavu popote. Shamba lilikuwa na udongo wa juu ambao ulichukua miaka mingi kujikusanya, ukaparuliwa ukasukumwa kando, mchanga ukatolewa, likabaki shimo. Kwenye pato la taifa inaandikwa bei ya mchanga, kazi ya dereva, kazi ya fundi aliyepiga matofali, kodi. Shimo halina ukurasa. Muhogo ambao hautaota tena pale nao hauna ukurasa. Na tukiagiza mchele kufidia chakula kilichokuwa kikilimwa pale, aliyeusafirisha na aliyeuuza dukani nao wanaongeza pato. Yaani tumeharibu na hesabu imependeza.

Waliounda kipimo hiki hawakutuficha udhaifu wake. Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza kazi ya hesabu za mwanzo za pato la taifa la Marekani, aliwaonya wabunge wa nchi ile mwaka 1934 kwamba hali njema ya taifa ni vigumu kusomwa kwenye kipimo cha pato lake. Kipimo wakakichukua, onyo wakaliacha mezani. Wahenga wetu, ambao hawakuwa na shahada, walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Huko Unguja habari ya mchanga mnaijua. Ujenzi ulipanda, nyumba na mahoteli, mpaka Serikali ikalazimika kuingilia kati na kuweka vibali, maana maeneo yenye mchanga wa kuchimbwa yanahesabika na yanakwisha. Sitaki kukaa hapo. Nataka tukae kwenye maji, kwa sababu maji yana hesabu ambayo kila mhasibu inapaswa imnyime usingizi.

Unguja kwa sehemu kubwa, na mashariki ya Pemba hii yetu, ni ardhi ya mawe ya matumbawe. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye mawe yakashuka chini, na huko chini yanakutana na bahari iliyoingia kutoka pembeni. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, basi yanaelea juu yake. Tofauti ya uzito ni ndogo mno, kama asilimia mbili na nusu. Kutokana na udogo huo Mholanzi mmoja, Badon Ghyben, na baadaye Mjerumani Herzberg, walipata hesabu ambayo mainjinia wa maji wa visiwa wanaitumia hadi leo: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita kama 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Geuzeni sasa hesabu hiyo. Mkipiga pampu mpaka uso wa maji ukashuka mita moja, chumvi nayo inapanda kutoka chini, na ikishatulia itakuwa imepanda mita kama 40. Juu huoni kitu. Kisima kina maji kama jana. Mwenye pampu anafurahi, mwenye hoteli anafurahi, na biashara ya maji inaandikwa kwenye pato. Siku moja chai inakuwa na ladha isiyoeleweka, na siku hiyo mtu anagombana na mkewe kuhusu sukari, kumbe tatizo liko mita thelathini chini ya jiko.

Na kisima kilichoingia chumvi hakirudi kwa kukiomba. Mnaweza kuzima pampu mkasubiri mvua za miaka, au mkanunua mtambo wa kuchuja maji ya bahari na kulipa umeme wake kila mwezi. Umeme huo, mtakuwa mmeshafahamu, nao utaongeza pato la taifa.

Utafiti uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani na kutolewa mwaka 2012 ulikuta kaya moja ya kijijini inatumia wastani wa lita 93 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli lita 1,482. Gawanyeni wenyewe, mna vikokotoo. Ni kama mara 16. Mwaka 2024 wageni wa nje waliofika Zanzibar walipita laki saba, na sasa kila mkutano nikienda nasikia kwamba Pemba nayo ifunguliwe. Naiunga mkono. Vijana wetu wanapanda meli kwenda kutafuta kazi Unguja na Dar es Salaam kila wiki, na mimi ningependa baadhi yao warudi. Lakini mtu akija na mchoro wa hoteli ya vyumba mia Kigomasha au Makangale, swali la kwanza lisiwe atalipa kodi kiasi gani. Liwe atakunywa wapi, na jirani yake atakunywa wapi mwaka wa kumi na tano. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015 inataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya mradi. Tatizo ni kwamba tathmini nyingi husomwa na watu wawili, aliyeiandika na aliyelipwa kuipitisha. Ombeni nakala. Someni ukurasa wa maji.

Nije kwenye karafuu, kwa sababu siwezi kuzungumza Pemba bila ya karafuu na nikaruhusiwa kurudi kwetu.

Mnajua historia. Wakati wa Sayyid Said bin Sultan mikarafuu ikapandwa kwa wingi, kwa jasho la watumwa, na hilo tusilifute. Mwaka 1872 kimbunga kikaing'oa mikarafuu ya Unguja kwa sehemu kubwa, Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo shina la karafuu ni sisi. Baada ya Mapinduzi wananchi wakagaiwa eka tatu tatu, na mikarafuu mingi ambayo watu waliikuta kwenye eka zile ilipandwa na mikono ambayo hawakuijua. Mkarafuu hauna haraka. Unaupanda, unasubiri miaka sita au minane ndiyo uone kitu cha kuchuma, na ukitunzwa unaweza kukuzika wewe na mwanao. Mzee wa miaka sitini akipanda mkarafuu, kwa hesabu ya biashara amefanya upuuzi. Bado wapo wanaopanda, na miche inagaiwa.

Sasa mtazameni mwenye shamba anavyochuma mti wake. Anapanda na kamba, anafunga tawi, anavuta kwa ngoe taratibu mpaka lifikike, anakata vikonyo kwa kidole, tawi linarudi mahala pake. Kazi yake ni ya polepole. Kisha utazameni msimu shamba hilo hilo likiwa limekodishwa. Mkodi amelipa pesa taslimu kabla ya mavuno, pengine kwa mwenye shamba aliyekuwa na dharura ya harusi au ada ya skuli. Ana mkataba wa msimu mmoja. Wachumaji wake wanalipwa kwa pishi, na mvua iko njiani. Tawi lililo mbali halivutwi, linavunjwa, likaletwa chini na watoto wakalichambua wamekaa. Pakacha linajaa haraka. Ukienda pale baada ya msimu utakuta matawi makavu yamelala chini ya kila mti, na juu kuna mapengo unayaona mbingu. Mwaka unaofuata mti haukuzaa, na kijiji kizima kinasema ni mwaka mbaya.

Msiwalaumu wakodi tu. Mpeni mtu yeyote mkataba wa msimu mmoja atavunja matawi; mimi ningevunja. Mpeni mkataba wa misimu mitano, na kifungu kwamba miti itahesabiwa matawi mwanzo na mwisho, mtamwona anatafuta kamba ndefu. Na hapa ndipo ninapotaka kuwauliza wakubwa waliokaa mstari wa mbele, kwa heshima zote: sisi tunaoendesha mambo ya visiwa hivi, mkataba wetu ni wa misimu mingapi? Kiongozi ana miaka mitano. Mkurugenzi ana mpaka uhamisho. Mfadhili ana miaka mitatu ya mradi na ripoti. Mvuvi wa dago aliyetoka mbali ana mwezi mmoja kwenye mwamba usiokuwa wake. Kila mmoja ni mkodi, na kila mmoja atakabidhi mti wenye pakacha lililojaa.

Kuna kisiwa kimefika mwisho wa njia hii, na ni kidogo kuliko hata wilaya moja ya hapa. Nauru, katika bahari ya Pasifiki, ina kilomita za mraba 21. Katikati yake kulikuwa na fosfati, ile ya kutengenezea mbolea, na kampuni za wageni zikaanza kuichimba mwanzoni mwa karne ya 20 kwenda kurutubisha mashamba ya Australia na New Zealand. Nauru ikapata uhuru mwaka 1968, ikanunua migodi yake, na kwa muda ikawa miongoni mwa nchi tajiri kabisa duniani kwa pato la kila mtu. Hakuna aliyelipa kodi ya mapato. Serikali ikawa na shirika la ndege lenye viti vitupu na jengo la ghorofa zaidi ya hamsini Melbourne, na mwaka 1993 ikagharimia mchezo wa muziki jukwaani London ambao ulifungwa baada ya wiki chache. Jengo likauzwa mwaka 2004 kulipa madeni. Fosfati ilikuwa imekaribia kwisha, na kama asilimia 80 ya kisiwa ikabaki nguzo za mawe makali ambazo huwezi kulima wala kujenga. Vitabu vya miaka ile ya neema vilionesha ukuaji mzuri. Havikudanganya hata mstari mmoja. Viliandika mauzo ya kisiwa chenyewe kama mapato.

Mwenye kutaka mfano wa Afrika aitazame Botswana. Almasi zilipatikana mwaka mmoja tu baada ya uhuru wao wa 1966, nao wakajiwekea kanuni kwamba pesa za madini ziende kwenye skuli, barabara na hospitali, na nyengine ziwekwe akiba, ambayo tangu 1994 inaitwa Pula Fund. Haikuwafanya malaika. Miaka hii soko la almasi limeanguka nao wamechota akiba hiyo mpaka watu wao wenyewe wanatia hofu. Lakini walikuwa na cha kuchota. Ninawataja kwa sababu na sisi tuna sheria ya mafuta na gesi ya mwaka 2016, na mkataba wa utafutaji kwenye kitalu cha Pemba na Zanzibar ulitiwa saini 2018. Kikipatikana kitu huko chini, nyinyi mtakuwa ndio wahasibu wa zamu.

Na tusidhani fikra hii imeletwa na Wazungu kwenye semina. Jeshi la Waislamu lilipoiteka Iraq, wapiganaji walitaka ardhi ya Sawad, yale mashamba ya rutuba ya mito miwili, igaiwe kwao. Sayyidna Umar akakataa. Wakabishana naye siku kadhaa, na miongoni mwa waliomkabili kwa ukali alikuwamo Bilal, si mtu mdogo. Hoja ya Umar ilikuwa kwamba akiigawa ardhi yote kwa waliopo, watakaokuja baadae watabakiwa na nini? Dalili yake akaitoa Suratul Hashr, pale wanapotajwa wale waliokuja baada yao. Ardhi ikabaki kwa waliokuwa wakiilima, wakitoa kharaji, yaani kodi ya ardhi, kila mwaka kwenda Baitul Mali, hazina ya umma. Na huyo huyo Umar alipopata shamba lake mwenyewe Khaybar na kumuuliza Mtume (S.A.W.) alifanyeje, akaambiwa akitaka azuie asili yake na matunda yake ayatoe sadaka. Lisiuzwe, lisipewe mtu, lisirithiwe. Hiyo ndiyo wakfu, na kila mmoja humu ndani ana msikiti au kisima au mnazi wa wakfu anaoujua.

Kwa mhasibu, wakfu ni kanuni kamili. Asili ina ukurasa wake, matunda yana ukurasa wake, na hairuhusiwi kuhamisha kutoka wa kwanza kwenda wa pili. Yanaharibika pale msimamizi anapokusanya kodi ya nyumba ya wakfu miaka kumi bila ya kuziba paa. Kodi imeandikwa kwa hati nzuri kila mwezi, matengenezo sifuri, na mwaka wa kumi na moja hakuna nyumba. Ningekuwa na uwezo, bajeti ya Zanzibar ingesomwa kwa kurasa hizo mbili. Umoja wa Mataifa tangu 2012 una mwongozo wa kuhesabu misitu, maji na madini pamoja na uchumi, na 2021 ukaongeza wa mifumo ya viumbe, kama mikoko na miamba. Mwongozo upo. Wa kujaza majedwali ndio hawatoshi, na leo mmeongezeka.

Wapo ambao hawakusubiri mwongozo. Nendeni Kisiwa Panza, kusini huku. Wavuvi na kina mama wa pweza wamekuwa wakiufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi, halafu wanaufungua. Pweza anaishi mwaka na kidogo. Akiwa mdogo anaweza kuongezeka uzito maradufu ndani ya mwezi mmoja hivi, basi anayemchokoa mapema anakula nusu ya alichokuwa apate. Hesabu hii iliwahi kufanywa Andavadoaka, Madagaska, Bukini ya wazee wetu, tangu 2004, na ikasambaa pwani yote hii. Siku ya kufungua, maji yakitoka, watu wameshajaa ufukweni na michokoo, wanunuzi wamesimama na mizani, na pweza wanaotoka ni wa kubeba kwa mikono miwili. Wapo pia wanaovizia usiku wakati mwamba umefungwa. Kamati za shehia zinagombana, zinatoza faini, zinapatana, zinagombana tena. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupewa Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alipata heshima hiyo kwa kuonesha kwamba watu wa kijiji wanaweza kuilinda mali yao ya pamoja bila ya kuuzwa wala kunyang'anywa na serikali, ikiwa kanuni wametunga wenyewe na mwizi anaonwa. Na hapa mbele yetu, maji ya Wesha yakiishia, kuna kisiwa cha Misali. Miaka ya tisini palitaka kujengwa hoteli, wavuvi wakapiga kelele, na mwaka 1998 kikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Bado wanavua pale, nje ya sehemu iliyofungwa.

Lakini nisiwapambie. Anayefunga mwamba miezi mitatu anakula nini miezi hiyo mitatu? Mwenye boti na pesa benki anasubiri kwa raha. Mama anayetegemea kilo mbili za pweza kwa ajili ya unga wa leo hana pa kusubiria. Mara nyingi tukisema tuwatunzie watoto wa kesho, bili tunampelekea mtoto masikini wa leo. Kina mama wa mwani wanalijua hili vizuri. Walianza 1989 kule Paje na Jambiani, wakaja kuwa wengi hapa Pemba, na ile aina ya cottonii yenye bei nzuri imewafia mara nyingi kwa sababu bahari imepata joto. Joto hilo hawakulileta wao. Moshi umetoka kwenye viwanda vya nchi ambazo hata mwani wao huenda kuuzwa huko. Kwa hiyo mkiona mradi wa hifadhi, angalieni kwenye bajeti yake kama pana mstari wa kumlipa anayesubiri. Kama haupo, mradi huo una wizi ndani yake, hata kama kila risiti imeambatanishwa.

Wales, huko Uingereza, wametunga sheria mwaka 2015 na kuweka kamishna wa vizazi vijavyo, kazi yake kuuliza kila taasisi ya umma maamuzi yake yatawafanya nini wasiozaliwa. Siombi kamishna mwengine mwenye gari na dereva. Ninaomba kitu cha bei ndogo, na namwomba Mkuu wa Chuo hadharani ili asipate pa kukimbilia.

Wanafunzi watakaohitimu mwaka ujao, kabla ya kupewa vyeti, kila kikundi kichukue shehia moja. Kifungue daftari: visima, mashimo ya mchanga na kifusi, mikoko, na kama shehia ina pwani, mwamba. Waandike mwanzo wa mwaka palikuwa na nini na mwisho wa mwaka pamebaki nini. Visima msionje tu kwa ulimi. Kipimo cha chumvi kinauzwa, si ghali, kimoja kitatosha darasa zima. Mashimo yapimwe kwa futi kamba, urefu, upana na kina, na aliyechimba aulizwe kibali. Mikoko ihesabiwe na visiki vyake, maana kisiki ndicho risiti. Nakala moja ibaki kwa sheha, moja iende wilayani, moja ibaki hapa chuoni wafuatie wengine. Masheha mliopo, nawaona mnatazamana. Hamtapewa kazi, mtapewa karatasi.

Mimi nimestaafu, wakati ninao na miwani nimebadilisha mwezi uliopita. Nitakuja kuyakagua madaftari hayo mwenyewe, na nitachagua visima viwili vitatu bila ya taarifa nikavipime. Atakayeniletea nambari za kukaa barazani, nitamwandikia hati chafu.

Ahsanteni sana.